Kisu chako kilizaliwa lini? Kusoma mwaka uliojificha shingoni

Wagumu, yaani wapagazi wa Kilimanjaro, wakishuka mlimani, mabegi yao hayashuki kama yalivyopanda. Wageni huwaachia vitu: soksi nene, tochi za kichwani, fimbo za kutembelea, na mara mojamoja kisu. Kikifika Moshi, kisu hicho huzunguka soko la Memorial, kikikosa mteja kinasogea soko la Kiboriloni, na vingine huishia mezani kwangu, maana mjini wameshajua kuna mtu mmoja ananunua visu vilivyotumika.

Swali ninaloulizwa kuliko bei ni hili: "Hiki ni cha mwaka gani?" Mara nyingi jibu limeandikwa kwenye kisu chenyewe, ila halikuandikwa kwa kalamu. Limewekwa kwa nukta, kwa kona, kwa tarakimu mbili, au kwa namba nne ambazo mtu akiziona haraka anadhani ni namba ya kiwandani. Hapa naeleza ninavyosoma mimi, na mwishoni nitasema neno kwa mafundi wetu wanaofua wenyewe.

Kabla ya yote, usikisugue

Kijana mmoja aliniletea kisu cha kukunja kinang'aa kama kijiko cha harusi. Kabla ya kuja kuuza alikuwa amekipitisha kwa fundi wa kunoa, jiwe la umeme, "kitakate kidogo". Makali yalikuwa mazuri kwelikweli. Shingoni palibaki kivuli cha herufi mbili, basi. Kisu ambacho ningekitolea 60,000 nilikichukua kwa 15,000, na kijana akaondoka akiamini nimemdhulumu. Chapa ya mwaka haina kina kirefu. Grainda ikipita mara mbili tu, imekwenda.

Kwa hiyo weka mbali msasa, waya wa kusugulia sufuria, limao na maji ya betri. Chukua mafuta ya cherehani, matone mawili shingoni, uache nusu saa. Kutu ikiwa imekaza, acha usiku mzima. Kisha mswaki mkuukuu, kitambaa cha pamba, na kijiti cha kuchokolea meno kwa uchafu ulioingia kwenye herufi. Kama ni kisu cha kukunja, kumbuka mkono mwingine uwe wapi wakati unasugua. Mimi kidole changu cha shahada kina kovu la somo hilo.

Sasa mwanga. Taa ya juu haisaidii, inafuta kila kitu. Zima taa, laza simu mezani ikiwa imewashwa tochi, ili mwanga upite juu ya chuma kwa ubavu. Herufi zitaanza kutupa vivuli. Zungusha kisu polepole, piga picha pembe tatu nne, halafu ikuze picha kwenye kioo. Bado hakuna? Paka chaki ya shuleni, futa kwa kidole, unga utabaki ndani ya mashimo. Nimewahi kusoma mwaka kwa chaki kwenye kisu ambacho watu watatu kabla yangu walisema hakina kitu.

Pa kutazama

Shingo ya kisu ni pale bapa linapokutana na mpini, kipande kile kifupi kisichonolewa. Hapo ndipo watengenezaji wengi hugonga chapa yao. Kisu cha kukunja kifungue nusu kwanza, kisha kizima, maana baadhi ya chapa hukaa chini kiasi kwamba mpini hufunika mstari wa mwisho. Na mstari wa mwisho ndio wenye mwaka.

Geuza upande wa pili. Kikiwa na mabapa mawili au matatu, tazama kila moja. Kisha tazama ndani ya mikono kama ni cha plaizi (kifaa cha mfukoni chenye koleo na visu), na nyuma ya ala. Usikimbilie ubavu wa bapa, pale penye maandishi makubwa yenye madoido; hapo huwekwa jina la biashara, si kumbukumbu.

Namba zinazodanganya

Hapa ndipo wengi huanguka, kwa hiyo tukae kidogo.

Kwanza, mwaka wa kuanzishwa kwa kiwanda. Ukiona 1731 kwenye kisu cha jikoni chenye mapacha wawili, alama ya kiwanda cha Zwilling, hujashika kisu cha karne ya 18. Huo ni mwaka ambao alama ile iliandikishwa Solingen, Ujerumani. Kisu chenyewe huenda kilitoka kiwandani juzi. Vivyo hivyo 1891 kwenye visu vya Mora vya Uswidi.

Pili, namba ya modeli. Kiwanda cha Case cha Marekani hugonga namba kama 6347: 6 ya kwanza husema aina ya mpini, 3 idadi ya mabapa, na 47 umbo. Nimeonyeshwa kisu hicho na mtu aliyeapa ni cha 1947. Nilimwambia ahesabu mabapa.

Tatu, jina la chuma. 440C au 420HC ni aina ya chuma cha pua, haihusiani na kalenda. Nne, namba ya hataza (patent): hiyo husaidia kidogo tu, kwa sababu inakuambia kisu hakiwezi kuwa cha kabla ya hapo, lakini baada ya hapo kinaweza kuwa cha lini yoyote. Na tano, mwaka wa modeli kwenye silaha za jeshi: beneti (singe) ya Marekani iitwayo M1905 ilitengenezwa tena wakati wa Vita ya Pili, na kwenye shingo yake utakuta 1942 au 1943. Mwaka wa kutengenezwa ni ule ulio shingoni, si ule ulio kwenye jina.

Nukta za Case, na jinsi nilivyolipia somo

Case wako Bradford, Pennsylvania. Mfumo wao ndio wa kwanza kujifunza kwa sababu ukiuelewa huo, mingine yote inakuwa rahisi.

Kabla ya nukta walikuwa wakibadilisha maneno. CASE XX peke yake, bila jina la nchi, ni ya tangu 1940 hadi 1964 hivi. Walipoongeza U.S.A. chini yake, ni 1965 hadi 1969. Halafu 1970 wakaweka nukta 10 chini ya chapa, na kila mwaka wakaondoa moja. 1971 zikabaki 9, 1972 zikabaki 8, hadi 1979 ikabaki moja. Hesabu ni nyepesi: toa idadi ya nukta kwenye 1980. Nukta 4? 1976.

Tatizo ni kwamba 1980 walianza upya na nukta 10.

Nilikuwa nimeshika nusu ya habari hiyo. Kisu chenye nukta 10 kikaja mezani, nami kwa kifua mbele nikamuuzia mwalimu mmoja mstaafu wa Arusha, mzee anayekusanya visu, kama cha 1970. Baada ya wiki mbili akarudi na basi la asubuhi. Nikamwamkia, shikamoo mwalimu, akaitikia marahaba, akakaa, akaagiza chai, hakusema lolote mpaka ikafika. Kisha akatoa kisu na kioo cha kukuzia.

"Mwanangu, hebu isome hiyo S."

"Ni S tu, mwalimu."

"Isome tena. Hiyo S au ni radi?"

Nikatazama. S ya CASE na S ya U.S.A. zote mbili zilikuwa nyembamba, zimevunjika kona kona kama mwale wa radi. Hiyo ndiyo tofauti. Chapa za miaka ya 1980 zina S ya radi. Kwa hizo unatoa idadi ya nukta kwenye 1990. Kisu chake kilikuwa cha 1980. Nilimrudishia sehemu ya pesa, naye akalipia chai.

Kuanzia 1990 mfumo ukabadilikabadilika, na tangu 2000 waliingiza X ndogo pamoja na nukta. Ukikuta X ndogo nyingi zimepangwa na nukta, usihesabu kwa kanuni ya zamani.

Jambo moja zaidi kuhusu Case: mabapa yaligongwa chapa kabla ya kisu kuunganishwa, na ghala halimwagi mabapa ya mwaka jana kwa sababu Januari imefika. Ndiyo maana kisu cha mabapa matatu kinaweza kuwa na chapa mbili tofauti, na hakijaghushiwa. Chukua ile ya karibuni zaidi. Kisu hakiwezi kuwa cha zamani kuliko bapa lake jipya. Tofauti ikiwa ya miaka 15, hapo sawa, anza kushuku kwamba mtu amebadilisha bapa.

Kona za Buck

Buck 110, kile kisu kizito cha kukunja chenye shaba ncha zote mbili na mbao katikati, kilianza kuuzwa 1964. Kwa miaka mingi hakikuwa na alama ya mwaka. Kuanzia 1986 wakaanza kuweka alama ndogo kando ya namba ya modeli: < ni 1986, > ni 1987, miaka miwili iliyofuata kona hiyohiyo ikageuzwa juu na chini, na X ni 1990. Baada ya hapo kila mwaka una alama yake.

Kwa hiyo ukiona 110 tupu, bila kitu kando, uwezekano mkubwa ni cha kabla ya 1986. Lakini hakikisha kwa tochi ya ubavu kwanza. Kona ile ni ndogo kama kinyweleo, na uchafu wa mfukoni hupenda kuijaza.

Vya plaizi na vya askari wa Uswisi

Vya plaizi vya Leatherman ndivyo vinavyoshuka sana mlimani. Fungua mikono, tazama upande wa ndani. Utaona namba nne: mbili za kwanza ni mwezi, mbili za mwisho ni mwaka. 0309 ni Machi 2009. Si tarehe 3 mwezi wa 9, kama alivyoniambia mpagazi mmoja aliyedhani ni siku ya kuzaliwa ya mgeni wake. Ile modeli ya kwanza, PST, iliuzwa kuanzia 1983 hadi 2004, na za miaka ya mwanzo hazina namba hiyo.

Visu vyekundu vya Victorinox vingi havina mwaka, tutavirudia. Lakini kile cha askari wa Uswisi, chenye mpini wa aluminiamu wenye vipele na ngao ndogo ya msalaba, kina tarakimu mbili shingoni mwa bapa kubwa. 83 ni 1983. Modeli hiyo ni ya 1961 na jeshi lilipokea ya mwisho 2008, kwa hiyo tarakimu mbili hazikuchanganyi karne. Kikija kisu cha namna hii usikiuze kwa bei ya kile chekundu. Wanaovitafuta hutafuta mwaka wao wa kuzaliwa, na mtu akiukuta hajadiliani sana.

Vya jeshi la Marekani vilivyotengenezwa na Camillus, chuma cha pua mwili mzima, mwaka umegongwa mzima kwa tarakimu nne shingoni. Hakuna cha kufumbua.

Kisu cha babu

Kibosho, kwenye kihamba (shamba la ukoo) kimoja, nilionyeshwa kisu kizito cha kukunja chenye bapa pana upande mmoja na sindano nene ya chuma upande mwingine, ile ya kufungulia mafundo ya kamba. Familia walikuwa wanakitumia kutoboa mikanda. Marehemu babu yao alikwenda Burma, wakati wa Vita ya Pili, na King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki. Tulipokisafisha kwa mafuta kikatokea kitu kama mguu wa kuku: mistari mitatu inayokutana juu. Chini yake 1943.

Ule mguu wa kuku ni mshale wa serikali ya Uingereza, alama ya mali ya taifa. Ukiuona pamoja na tarakimu nne na jina la mtengenezaji, umepata mwaka wa kutengenezwa. Mwaka wa kukabidhiwa askari ni jambo jingine, kisu kingeweza kulala bohari. Utaukuta mshale huo pia kwenye mapanga ya jeshi. Panga la kawaida la mamba wa Martindale, Birmingham, usiligeuzegeuze kutafuta mwaka kwenye mamba. Mamba ni alama ya biashara.

Familia waliniuliza ningenunua kwa bei gani. Niliwaambia wasiuze, na waache kukitobolea mikanda.

Kisipokuwa na mwaka, soma mwili

Visu vingi havina tarehe kabisa. Hapo unatafuta kipindi badala ya mwaka.

Jina la nchi ni mwanzo mzuri. Sheria ya forodha ya Marekani iliyoanza kutumika 1891 ililazimisha bidhaa za kigeni kuandikwa zinakotoka, ndiyo maana "Germany" au "England" kwenye kisu kwa kawaida humaanisha baada ya hapo. "West Germany" hukupa dirisha la 1949 hadi 1990. D.R.G.M., herufi ambazo utazikuta kwenye nyembe na visu vya Kijerumani walivyokuwa navyo wazee wetu, zinahusu usajili wa muundo ulioanza 1891 huko Ujerumani. Zikionekana, kisu karibu hakika ni cha kabla ya Vita ya Pili kwisha. Neno Solingen lenyewe linalindwa kwa sheria tangu 1938, lakini lilikuwa likigongwa kwenye visu zamani kabla ya sheria hiyo, kwa hiyo peke yake halikupi mwaka.

Opinel ya Ufaransa, ile yenye mpini wa mti na pete, usome kwa pete. Mkono wenye taji uliopo kwenye bapa ni wa 1909, hausaidii sana. Pete ya kufunga bapa likiwa wazi iliongezwa 1955, na tangu 2000 pete hiyo hufunga pia kisu kikiwa kimekunjwa. Jaribu: kunja kisu, zungusha pete. Ikizunguka na kushika, ni cha 2000 au baadaye. Namba iliyo kwenye mpini, 6, 8, 10, ni ukubwa.

Kwa Victorinox vyekundu, neno Victorinox lenyewe lilikuja 1921 walipounganisha jina Victoria na neno inox la chuma cha pua. Wenger, mshindani wao, walimnunua 2005, kwa hiyo kisu cha Wenger hakiwezi kuwa kipya sana.

Na usidharau plastiki. Ala nyingi za plastiki, na mipini pia, zina duara dogo kama saa: namba 1 hadi 12 pembeni, mshale katikati, tarakimu za mwaka kando ya mshale. Mshale unaelekea mwezi. Geuza ndoo yako ya maji nyumbani, huenda utaiona hapo pia. Duara hilo husema ala ilimiminwa lini, na ala inaweza kubadilishwa, basi lichukue kama shahidi wa pili.

Vile visu vidogo vya matunda vya madini ya fedha vya Sheffield, Uingereza, vina herufi ya mwaka karibu na alama za ofisi ya mji huo ya kupima ubora wa fedha, iliyoanzishwa 1773. Taji ndiyo ilikuwa alama ya mji hadi 1974, kisha ua la waridi. Vimewahi kupita mkononi mwangu viwili tu.

Kwa mafundi wetu

Eneo la Mamba, karibu na Marangu, wahunzi bado wanafua sime, mikuki na visu kwa springi za magari. Kazi nzuri, na haina mwaka wala jina. Mtalii akiinunua leo, mjukuu wake hatajua ilitoka kwa nani. Nimekuwa nikiwasumbua wagonge mwaka, na tumefanya hivi.

Nunua seti ya stempu za namba za chuma, ukubwa wa milimita 3. Gonga kabla ya kukomaza bapa kwa kulizamisha, wakati chuma bado laini na kimepoa. Kikishakomaa, stempu itavunjika au bapa litapata ufa. Kaa shingoni, katikati ya upana, mbali na makali, na mbali na kona ambapo bapa linaingia mpinini, maana hapo ndipo kisu huvunjikia. Weka juu ya fuawe, shika stempu wima, pigo moja zito. Ukipiga mara mbili namba inapata kivuli na huwezi kuirudisha.

Bapa lililokwisha komaa liandike kwa umeme. Paka rangi ya kucha, ikauke, chora namba kwa sindano mpaka chuma kionekane. Betri ndogo ya volti 9: waya wa chanya kwenye kisu, wa hasi kwenye pamba iliyolowa maji ya chumvi. Gusa sekunde tano, inua, gusa tena, mara nane au kumi. Fanyia nje, ule moshi haufai kuvuta. Usitumie betri ya gari. Ukimaliza osha kwa maji ya magadi, kausha, paka mafuta, la sivyo namba zitaanza kutu kabla ya jioni.

Tuliafikiana mtindo wa mwezi na mwaka, namba nne. Sime ya kwanza iligongwa mwezi wa sita, 2025. Kitu ambacho hakuna aliyetuambia ni kwamba seti ya namba ina vyuma tisa, si kumi: 6 na 9 ni chuma kimoja, unakigeuza. Fundi alikishika kichwa chini. Ikatoka 0925. Sasa tumepaka rangi nyekundu upande wa chini wa chuma hicho. Sime yenyewe ilishauzwa Juni hiyohiyo, miezi mitatu kabla ya kuzaliwa.